Dazeni Moja ya Bluu

Tukuyu, 3 Novemba 2024

Mama,

Shikamoo. Umeamkaje huko Chunya kwenye jua? Mama mdogo Beatrice na nyonga yake iliyovunjika, ameanza kukaa au bado anakuamrisha akiwa amelala? Mimi mzima, nimenenepa, na mvua yetu iko palepale ulipoiacha. Ulisema niandike kwa sababu kwenye simu nacheka halafu nakata. Haya, nimeandika. Amoni kondakta ataifikisha, mpe chai.

Sasa kaa chini. Uliniachia mashine ya kufuma masweta na maneno mawili tu: "Dazeni moja." Tangu nizaliwe unafuma dazeni moja, unauza, ndipo unaanza nyingine. Wateja wanakusubiri kama wako kliniki. Mama, hiyo siyo biashara, hiyo ni adhabu! Mimi nimekalia kiti chako wiki moja na nimepata shule nzima, ile mpya ya Kawetele. Mwalimu Mkuu Methusela kaja mwenyewe, kashika sweta lako la bluu, kauliza, "Kijana, mnaweza watoto wote, shule ikifunguliwa Januari?" Nikamjibu, "Mwalimu, labda uongeze watoto." Akacheka, akatoa pesa ya uzi iliyochangwa na wazazi.

Krismasi nimemaliza. Tarehe kumi na tatu Januari naripoti chuo cha ufundi Mbeya, umakanika, na sanduku la bati nimeshalipaka rangi nyekundu. Likizo nikirudi nitamkuta mama mwenye kiwanda.

Mwanao kipenzi, tena ni mmoja tu, kwa hiyo huna ujanja,
Anyosisye


Chunya, 12 Novemba 2024

Mwanangu,

Ndaga fijo kwa barua, nimeshukuru. Huku tunavuta siku. Mama yako mdogo hawezi hata kugeuka peke yake, kwa hiyo usije ukaniambia njoo. Unakula mboga, au ni chipsi za stendi tu?

Nimesoma mara mbili nikitafuta ulipoandika kwamba umenunua uzi wote siku moja. Sijapaona. Anyosisye, bluu siyo moja. Kiwandani wanatia uzi rangi kwa mikupuo, na kila mkupuo unatoka na bluu yake. Duka la sokoni linapata mabunda machache ya mkupuo mmoja, yanatosha dazeni na salio la viraka. Ndiyo maana nafuma dazeni. Siyo uvivu, na siyo kuogopa wateja kama unavyopenda kunisema mbele za watu. Nikikosea, nimekosea dazeni. Shule ikibadili rangi, nimebaki na dazeni, nitawavalisha ndugu. Na mashine yenyewe inasukumwa kwa mkono, sindano yake ikivunjika ni mpaka Mbeya.

Nenda kwa Mwalimu leo. Mwambie utampa darasa moja kwanza. Utaona aibu kidogo, haiui.

Mama yako


Tukuyu, 19 Desemba 2024

Mama,

Shikamoo. Najua umepiga. Najua umepiga sana. Mama mdogo ameinuka? Mimi mzima wa mwili.

Barua yako niliipata, nikaisoma huku nacheka, nikaikunja nikaiweka chini ya mguu wa meza ya mashine kwa sababu ilikuwa inayumba. Haiyumbi tena, ndiyo faida niliyopata.

Nimefuma, mama! Hata wewe ungesalimu amri. Nikaamua kufanya kama kiwanda kikubwa: vifua na migongo yote kwanza, halafu mikono yote, halafu shingo zote, kisha kuunganisha. Uzi ukiisha nakimbia sokoni kuchukua bluu, maana kwangu bluu ilikuwa bluu. Chumba unakijua, dirisha dogo kama la choo, balbu ya njano, kila kitu kinafanana.

Jumanne jua likatoka. Nikatoa masweta uani kuyaanika, kwa maringo. Sekela wa jirani akapita na ndoo, akasimama.

"We Anyosi, mikono hii umeazima kwa nani?"

"Huo ni mtindo, dada. Huwezi kuuelewa."

Mwalimu Methusela naye hakuuelewa. Alipeleka moja dirishani, akaligeuza, akaniambia taratibu, "Hili wavae watu wawili." Hakugomba. Afadhali angegomba.

Sasa yamejaa mpaka kitandani, nalala mkekani mlangoni. Siwezi kumuuzia mtu mwingine, nembo ya shule nimeshaishona vifuani. Mzazi akigonga nabana pumzi. Nikienda chuo, nimekimbia na uzi wa watu. Nikibaki, nafasi inakwenda. Kila ninapogeuka nakutana na sweta. Niambie la kufanya, mama. Sitacheka.

Mwanao


Chunya, 27 Desemba 2024

Mwanangu,

Pole. Huku Krismasi tulikula wali, nikakukumbuka. Beatrice anakusalimu, ameketi kidogo akalia kwa maumivu. Kama ningeweza kujigawa, nusu moja ingekuwa hapo.

Fumua mikono. Yote. Uzi upange uani mchana, kila bluu peke yake, kila mwili na bluu yake. Kisha ufume upya kidogo kidogo: darasa la kwanza bluu moja, la pili bluu yao. Mtoto hujilinganisha na aliyekaa naye dawati moja. Usiguse darasa jingine kabla la kwanza halijavaa.

La chuo sikuamulii. Mlango haujafungwa kwa nje. Ila mashine hiyo inaitwa kwa jina langu mpaka Kisondela.

Mama yako


Tukuyu, 13 Januari 2025

Mama,

Shikamoo. Mama mdogo asiharakishwe, aponye mfupa. Mimi mzima, vidole tu vimepasuka kwa kufumua.

Darasa la kwanza wamevaa leo. Nilichungulia dirishani wakipita. Bluu ni moja, mama, kutoka shingoni mpaka kwenye vidole vyao vya kamasi. Yamebaki madarasa sita. Mwalimu amekubali kusubiri. Chuo wamesema hawasubiri, niombe tena mwakani.

Erasto, yule tuliyepata naye nafasi ya chuo, amekuja kuniaga, yeye anakwenda. Akasema, "Fundi, godoro lako la chuo nitalilalia mimi." Basi la Mbeya likapiga honi kule barabarani, akakimbia.

Halafu Mwalimu Methusela akaingia na mwenzake wa shule ya Kisondela. Huyo mgeni akashika sweta, akauliza kama naweza watoto wote kabla ya Pasaka. Sikuinua kichwa.

"Dazeni moja," nikamwambia. "Nikimaliza haya."

"Mpaka lini, kijana?"

Nikaendelea kusukuma mashine. Kiti chako kilivunjika mguu wiki iliyopita, mama. Nimekalia sanduku la bati.

Mwanao