Mwenyekiti wa Pampu

Dada yangu,

Mimi mzima, nakula, nalala. Nimeshahamia ile fleti tuliyonunua na shemeji yako. Iko chini, kama alivyotaka kwa sababu ya magoti yake. Jikoni jua linaingia asubuhi.

Jana wakazi wa jengo tulikutana kugawana kazi. Unavyojua vikao, asiyekuwepo ndiye anayechaguliwa. Jina la shemeji yako liko mlangoni juu ya langu, basi wakampa uenyekiti wa pampu ya maji. Wakapiga makofi. Na mimi nikapiga.

Sikuwaambia kwamba tulimzika kabla ya kukabidhiwa funguo.

Ukija, wakikuuliza mwenyekiti yuko wapi, sema yuko safarini. Pampu nimeshajifunza kuiwasha.

Ni mimi, mdogo wako.