Neno Lako kwa Jicho la Mama

Mafiga,
Morogoro.
14 Mei 2025

Mpendwa Mjomba Yusuph,

Shikamoo. Habari za Mpanda? Goti lako je, linakuruhusu kupanda baiskeli? Huku mvua bado zinapiga milimani, na ndizi ni tele sokoni. Wengine tu wazima, ila dada yako si mzima sana, na mimi tangu juzi sikai nikatulia.

Jicho lake la kushoto limeingia ukungu. Daktari anasema ni sukari, na anataka ndani ya jicho papimwe kwa mwanga Jumatatu ijayo, ndipo ajue tiba. Tukichelewa atapofuka, Mjomba. Mama amekataa katakata.

Anasema si mimi niliyemnyang'anya mwanangu Said tochi ya leza, nikapiga kelele kwamba inaunguza macho? Sasa eti nampeleka yeye akachomwe!

Nikamweleza kama ninavyofundisha fizikia darasani. Wanawake wakitwanga kwenye kinu kimoja kwa mwendo mmoja, watatwanga mpaka mpunga uishe. Kila mmoja akija na mwendo wake, mara michi inagongana. Leza ni kama rangi moja tupu, mawimbi yake huenda pamoja mbali. Mwanga wa kipimo kile ni hafifu, haumchomi mtu, na rangi zake ni nyingi. Rangi zikizidi, mawimbi huachana mapema, hata kabla ya kumaliza unene wa karatasi. Faida iko hapo hapo: kwa kuwa hulingana kwa kipande kidogo hivyo, mashine ikilinganisha mwanga uliorudi na ule iliobaki nao, hutambua umetoka tabaka gani la jicho. Leza ya Said isingetambua.

Mama akanitazama weee. "Kwa hiyo jicho langu lipimwe na mwanga unaogongana michi?"

Nilichoka! Nimezidi kuharibu.

Sasa anasema neno ni la kaka yake. Nawe unajua kwetu Waluguru, mjomba akishasema, hakuna wa kubisha. Simu hataki, eti siku hizi sauti za watu zinaigwa. Anataka mwandiko wako. Barua hii naituma kwa basi la leo. Tafadhali nijibu kwa basi hilo hilo likigeuza.

Nisalimie mkaza mjomba Asia na watoto wote. Mwenyezi Mungu awahifadhi, atujalie kuonana.

Nilimwambia Mama jibu lako nitamsomea mimi. Hilo nalo kakataa, atalisoma mwenyewe. Basi andika kwa herufi kubwa, Mjomba.

Mpwa wako akupendaye, asiyepata usingizi,
Mwanvita