Mama Yetu Keziah Thorley, Aliyerudi Ukunguni

Mwaka umetimia leo, Mama, tangu Jumamosi ile ya tarehe 18 Novemba 1882, ulipotuacha darajani ukarudi peke yako kwenye ukungu wa mfereji. Ninayeandika ni mimi, binti yako Lavinia. Baba amekaa pembeni, ananisahihisha.

Hapa Ravensclough watu walikujua kwa mikono yako. Siku sita kwa wiki ulifuma kiwandani pamoja na Baba. Lakini mtu akifa mtaani kwetu, uliitwa wewe kumwosha. Maji yake ulikuwa unayapasha moto. Niliwahi kukuuliza maiti ana haja gani na maji ya moto, ukanijibu, "Huyu alikuwa anachukia baridi, Vina. Tangu lini amebadilika?" Ulizungumza nao kama unavyozungumza na jirani: "Nyanyua mkono kidogo, mpenzi. Haya, tumemaliza."

Ndiyo maana ulikuwa wa kwanza kuona. Ruth Pickles alipokutwa amenyongwa kando ya mfereji mwezi wa tisa, ulimwosha wewe. Wiki tatu baadaye ukamwosha Dinah Holt. Usiku ule hukula. Ulimwambia Baba kwamba kamba zote mbili zilifungwa fundo la wafumaji, lile dogo tunalounganishia nyuzi zikikatika mtamboni. Na lilikuwa limefungwa kinyume, na mtu wa mkono wa kushoto.

"Basi si mpita njia," Baba alisema.

"Ni wa kwetu, Enoch. Pengine nimeshamnywesha chai."

Ulikwenda kwa inspekta wa polisi ukiwa umevaa kofia yako ya kanisani, ukamwonyesha fundo lile. Alikusikiliza akiwa amesimama, kisha akasema, "Bibi, wewe osha maiti zako. Kazi ya polisi waachie polisi."

"Nitawaosha, bwana mkubwa," ulimjibu. "Ila usiniletee wengine."

Akaletwa wa tatu, Martha Ogden, aliyekuwa akiuza pai za viazi kwenye geti la kiwanda.

Kuanzia hapo ukawa unawasindikiza wasichana wa kiwandani kila kengele ya kutokea ilipolia. Ulitupanga wawili wawili, ukatuhesabu getini, ukatuhesabu tena darajani. Wasichana walikutania. "Mama Thorley anatuhesabu kama bata!"

"Afadhali bata," ulisema. "Bata hawabishi. Kaza mwendo!"

Jumamosi ile tulitoka saa saba mchana, lakini ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba taa za mtaani ziliwashwa. Tulikuwa kumi na mmoja. Tulipofika darajani ukahesabu kumi. Ukahesabu tena, kwa kutugusa mabega. Phoebe Cragg hakuwepo. Yeye, mdogo wetu kuliko wote, alikuwa amebaki nyuma kufunga kamba ya kiatu chake cha mbao.

"Vina, wavushe hawa."

"Mama, twende sote."

"Nimesema wavushe. Shikaneni mikono, na asigeuke mtu."

Niliwavusha, Mama. Nilisikia viatu vyako vikigonga mawe, haraka haraka, na sauti yako ikiita, "Phoebe! Phoebe Cragg!" Sauti ile ilizidi kwenda mbali. Kisha ikanyamaza.

Yaliyofuata tuliyapata kwa Phoebe. Anasema kamba ilikuwa tayari shingoni mwake, karibu na lango la maji, na hakuweza hata kulia. Uliposikika ukiita, mikono iliyokuwa ikiivuta ililegea. Akaanguka. Ukatokea ukunguni ukiwa umevua kiatu kimoja, umekishika kama nyundo, ukampiga mtu yule aliyesimama nyuma yake. Phoebe hakumwona uso. Alimsikia tu akisema, taratibu, "Nenda nyumbani, Mama Thorley."

Nawe ukasema, "Ala! Kumbe ni wewe."

Halafu ukapiga kelele, "Phoebe, kimbia!" Naye akakimbia.

Baba na wanaume wa mtaani walikukuta saa tisa. Mimi ndiye niliyekuosha, kwa maji ya moto. Niliitazama ile kamba kama ulivyotazama za wenzako, na fundo lilikuwa lile lile, limefungwa kinyume. Vidole vyako vilikuwa vimekunjika. Nilivifungua kimoja kimoja, nikitumaini umeshika kitu, kifungo au kipande cha nguo. Havikuwa na kitu.

Mji mzima ulikuja kukuzika. Baba alisimama mlangoni mwa kanisa akampa mkono kila mwanamume, zaidi ya mia nne. Watu walidhani ni adabu. Alikuwa anaangalia ni nani anayeanza kunyoosha mkono wa kushoto kabla ya kujikumbusha. Aliwaona tisa. Majina yao anayo kichwani, na hajayataja hata kwangu. Anasema wanane kati yao hawana kosa lolote, na huenda wote tisa. Lakini pengine mmoja ndiye anayeimba nyuma yetu kila Jumapili. Pengine mwingine ndiye aliyetuletea kuni wakati wa theluji. Wanaume wote wananiambia "pole, Vina," nami nasema "asante," huku nikiitazama mikono yao.

Mwezi wa pili walimkamata Silas Wragg, mwenye tishari, chombo cha kubebea makaa mferejini, kwa sababu tu ni mgeni na haongei sana. Polisi walipomwachia kwa kukosa ushahidi, umati ulimvuta hadi ukingoni mwa mfereji. "Mtupeni majini!" Baba alipenya katikati akiwa na nyuzi mbili mkononi. Akamwambia Silas, "Funga fundo la wafumaji." Yule mtu akafunga fundo kubwa la kufungia chombo gatini.

"Mnaona? Hajui. Mwacheni."

Mtu mmoja akasema, "Thorley, mke wako ndiye aliyeuawa, na wewe unamtetea?"

"Mke wangu alikufa akimtoa mtu kwenye kamba," Baba alijibu. "Hamtamwua mwingine kwa jina lake."

Wakatawanyika. Silas aliondoka jioni ile ile. Tishari lake walilichoma.

Mwezi wa nane inspekta alikuja nyumbani. Safari hii alivua kofia. Alikiri kwamba fundo ulilomwonyesha ndilo kitu pekee walichonacho, na kwamba jalada limewekwa kabatini. Baba alimkaribisha chai. Hakumlaumu. Mimi nilitoka nje, kwa sababu ningemlaumu.

Tangu ulipokufa hajauawa mwanamke mwingine. Hatujui kama mtu yule amehama, amekufa, au yupo hapa na ameogopa kwa kuwa mtu mmoja alimtambua. Hatujajua, Mama. Tumejifunza kulala na neno hilo, japo mlango sasa tunauwekea komeo.

Phoebe ameomba aandike mstari wake mwenyewe humu: "Mama Thorley, nilikimbia. Sikugeuka kukutazama. Unisamehe."

Nasi tunamjibu mbele ya wote wanaosoma: Phoebe, Mama alikwambia ukimbie, ukakimbia. Ulikuwa na miaka kumi na minne na ulimtii. Mwezi ujao unatimiza kumi na sita, na keki utaikata mezani kwetu.

Unakumbukwa na mumeo Enoch. Wanao Lavinia na Jabez. Dada yako Tamar. Majirani wa mtaa wetu wa Tenter Row. Jamaa za Ruth, Dinah na Martha. Pamoja na Phoebe Cragg, ambaye Baba ameagiza aandikwe hapa kama mtoto wa nyumba hii.

Pumzika, Mama. Siku zote tutakazoishi, hatutakusahau.