Gari la Mwenyewe

Kosa la wengi wanaoniandikia kuhusu wivu ni kumchagua adui kwanza, halafu ndipo waanze kutafuta ushahidi. Someni barua hii polepole. Jibu limo ndani yake, naye aliyeiandika amelipita bila hata kulisalimu.

*Mpendwa Bibi Mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie kabla sijaivunja nyumba yangu, maana mimi ni fundi bodi, nimezoea kunyoosha vyuma vya watu lakini roho yangu imepinda na sioni nyundo ya kuinyoosha. Mke wangu nilimwoa akiwa mjane, akaja kwangu na gari la marehemu, lile la michezo la zamani, viti viwili, boneti ndefu, ukikaa ndani ni kama umekaa chini. Mwenye nalo wa kwanza alikuwa daktari wa meno, akalitunza kama jino la dhahabu, kisha akamuuzia marehemu, naye marehemu akalipaka nyekundu, akalikimbiza mpaka injini ikagoma, likabaki uani chini ya turubai likiliwa na kutu. Hilo gari ndilo lililotukutanisha, kwani mjane aliniita nilitazame, nikakwangua kwa kucha pembeni mwa mlango, nikaona chini ya nyekundu kuna rangi ya maziwa, nikamwambia lingekuwa langu ningelirudisha hivi, tukacheka, yakaisha, na baadaye tukaoana.*

*Sasa tumeamua kulifufua. Nimekata sakafu iliyooza na kuchomelea bati jipya, injini inanguruma, na mke wangu haachi kuja na kikombe cha chai kutazama. Nilikuwa na raha, Bibi, mpaka nilipomuuliza tupake rangi gani. Akasema, "Ya maziwa. Ndivyo mwenyewe alivyotaka." Nikauliza, mwenyewe nani? Akacheka, "Mwenyewe si mwenyewe!" akaingia ndani. Tangu hapo kila nikilitazama gari namwona marehemu. Fundi umeme pale gereji naye kila asubuhi ananipokea, "Bwana harusi wa pili, wa kwanza hajambo?" na wenzake wanaangua kicheko. Nikishika ule usukani wa mbao naona pale ulipolika kwa viganja vya marehemu, na viganja hivyo vilishika vingine ambavyo sitaki kuvifikiria, basi juzi nikaufungua, nikauficha chini ya magunia stoo, nikamwambia mke wangu kwamba fundi viti, yule mzee tuliyempa kazi ya kushona viti vya gari, ameupoteza. Akamfuata, wakagombana mbele ya watu, na yule mzee ameapa hatashona viti vyetu. Mke wangu akilitazama lile pengo analia, nami nasema moyoni, umeona? Anamlilia yeye. Niliuze gari hili, Bibi, au niondoke mimi?*

*Ni mimi, Mume Mwenza wa Marehemu.*

Marahaba, mwanangu. Pole. Kumwonea wivu marehemu ni kugumu kuliko kumwonea aliye hai, kwa sababu marehemu hakosei tena: hachelewi kurudi, hakoromi, hasahau kununua mkaa. Kwa hilo nakuhurumia. Kwa yaliyobaki, kaa chini tuzungumze.

Tuanze na neno. "Mwenyewe" ni mwenye mali, kweli. Lakini mgeni akipiga hodi na mke akajibu, "Mwenyewe hayupo," hasemi habari za makaburini. Anamsema mume wake. Wanawake wengi hutumia neno hilo kwa haya, na haya hiyo ni namna ya mapenzi.

Sasa ikwangue barua yako kama ulivyoukwangua mlango ule. Juu kuna nyekundu, na nyekundu ni ya marehemu. Umeandika kwa mkono wako. Mkeo angetaka kumrudisha marehemu, angekuomba nyekundu. Ni nani basi aliyesimama uani na kusema, "Lingekuwa langu ningelirudisha hivi"? Wewe ulicheka ukasahau. Mwenzio alicheka akaweka. Wahenga walisema, udhaniaye ndiye kumbe siye. Wewe umekuwa udhaniaye siye, kumbe ndiye. Unamwonea wivu fundi bodi mmoja ninayemjua kwa barua.

Huenda nimekosea, siishi kwenu. Anayejua ni mkeo, nawe hukumuuliza tena. Ulipewa kicheko ukakitafsiri peke yako. Na akimkumbuka marehemu pia, mwache amkumbuke. Gari hilo limepita mikononi mwa watu, na kila mmoja ameacha chake: daktari rangi, marehemu ule usukani uliolika, wewe sakafu inayomzuia mkeo asiburute miguu barabarani. Ukiondoa kimoja, hujalifufua gari, umelitia kilema.

Lakini usijifiche nyuma ya rangi. Umemvunjia mzee wa watu heshima yake, nawe unaendelea kunywa chai ya yule uliyemdanganya. Yale machozi unayosema ni ya marehemu umeyafungua wewe, kwa spana yako. Kuuza gari hakutakusaidia, maana uongo hauuzwi pamoja na magurudumu. Fundi umeme mjibu, "Wa kwanza amepumzika, wa pili ana kazi," ataona utani hauna ladha tena. Kwa fundi viti utakwenda na mkeo, na atakayeomba radhi ni wewe, kwa sauti ileile ya mbele za watu.

Hayo yote yana mwanzo mmoja. Leo, toa usukani chini ya magunia, umpe mkeo mkononi, umwambie aliyeuficha ni mwenyewe.