Msuko Mmoja Nyuma ya Sikio

Igogo, Mwanza. Tarehe 9 Desemba.

Mvua imeanza alfajiri na ziwa halionekani. Ni sikukuu, watoto wako nyumbani, redio ya jirani inapiga nyimbo za Uhuru. Mimi sina furaha wala sina huzuni ya kulia. Nipo tu.

Jana mjukuu wangu Neema alinipigia simu kutoka Dar. Wamepewa kazi chuoni, kila mtu achague neno aeleze maana zake na lilikotoka. Yeye kachagua kusuka. "Bibi, wewe ndiye kamusi yangu," akaniambia. Ana maneno matamu huyu, hasa akiwa na shida.

Nikamtajia ninayoyajua. Tunasuka nywele, tunasuka ukili wa mkeka, tunasuka kamba. Wasukuma wanasuka maziwa kwenye kibuyu mpaka siagi itoke. Wenye roho mbaya wanasuka njama. Asili yake sikumdanganya, siijui. Nimesikia ni neno la Kibantu la zamani, na mimi sibishi. Bibi mzaa mama, Mkerewe, mkeka alikuwa hasemi anausuka, alisema anauluka, kwa Kikerewe chake, na Kiswahili chote alijifunzia sokoni.

Neema akaridhika, akakata simu. Mimi ndiye niliyebaki macho.

Kuna maana moja sikumwambia.

Mwaka ule wa Uhuru nilikuwa binti mdogo, bado nasoma madrasa. Mama alivuka ziwa kwenda Sengerema kumuuguza bibi. Bibi akapona, Mama akaugua yeye. Tukaletewa habari kwamba amelazwa, lakini anaendelea vizuri, na sherehe za Uhuru hazitampita. Kabla hajaondoka alikuwa ameniagiza jambo moja: "Nikirudi nikukute umesukwa. Sitaki kukuta kichwa cha chizi."

Kwa hiyo siku za kuelekea Uhuru nikamsumbua mama mdogo Tatu, mdogo wake Mama, ambaye ndiye aliyebaki na sisi. Mji mzima ulikuwa unajipamba. Wasichana wote wa mtaani walikuwa wameshasukwa, na mimi nilikuwa najificha kwa aibu. Mwishowe akakubali. Akakaa kwenye kigoda uani, mimi nikakaa chini kwenye mkeka, kichwa katikati ya magoti yake. Alikuwa na mkono mzito. Machozi yalinitoka, lakini nilinyamaza, maana nilitaka Mama anikute nimependeza.

Alikuwa ameshasuka upande mmoja wote na kuanza wa pili, mjomba Rashidi, kaka yao, alipoingia. Alikuwa ametoka Kamanga, kivukoni upande wa Sengerema, kanzu imeloa mpaka magotini.

"Shikamoo mjomba," nikasema.

Hakuitikia.

Mama mdogo akainuka, wakaongea mlangoni kwa Kikerewe, chini chini. Sikusikia neno. Nikaona tu mgongo wa mama mdogo ukiegemea fremu ya mlango. Halafu akarudi, akakaa palepale kwenye kigoda, akanishika kichwa kama kawaida. Nikajua anaendelea.

Vidole vyake vikaanza kufumua.

Watu wengine hujisuka haraka haraka ule msuko uitwao twende kilioni, wakaenda msibani. Lakini kwetu mfiwa mwenyewe hasukwi. Nywele zinafumuliwa na zinakaa hivyo mpaka msiba uishe. Kila mtoto wa kike nyumbani kwetu alilijua hilo. Hakuna aliyeniambia kwamba Mama amekufa. Niliambiwa na vidole, msuko kwa msuko.

Nikamshika mkono. Nakumbuka nilivyomshika, kwa mikono yangu yote miwili.

"Usifumue, mama mdogo. Mama hajaniona."

Akaacha kufumua kidogo. Nikasikia anapumua kwa shida juu ya kichwa changu. Mjomba akasema, "Tatu, maliza, watu wanakuja." Yeye akasema, "Niache na mtoto wangu." Akaendelea na ile kazi mpaka akafika nyuma ya sikio la kulia, pale alipoanzia. Akauacha msuko mmoja. Akanifunika kichwa kwa khanga yake mwenyewe, akaifunga kwa nguvu.

Usiku ule nililala na msuko wangu. Niliona aibu, niliona pia kama nina siri kubwa kuliko wakubwa wote waliojaa nyumbani.

Mama aliletwa kwa boti. Mama mdogo alikuwa miongoni mwa waliomuosha. Walipokuwa karibu kumfunika uso, akatoka kuja kunichukua. Barabarani vijana walikuwa wakifanya mazoezi ya ngoma za Uhuru, na hakuna aliyetoka kuwanyamazisha. Ndani, wanawake wakanisogezea nafasi. Mama alikuwa amekonda. Nilimwogopa kidogo, na hilo linaniuma mpaka leo.

Mama mdogo akapiga magoti, akaniinamisha, akafunua khanga upande wa kulia.

"Dada," akasema, "mtoto huyu hapa. Amesukwa."

Akasubiri, muda unaomtosha mtu kukuangalia vizuri. Kisha akaufumua ule msuko mmoja palepale, taratibu, akazichanua zile nywele kwa vidole, akanirudishia khanga kichwani.

Tangu hapo yeye ndiye aliyenisuka. Alinisuka nikiwa mwali, alinisuka nikiwa mjamzito, na macho yalipomwisha alinisuka kwa kupapasa, mistari ikaenda upogo na nikatoka nayo barabarani hivyo hivyo.

Naye tumeshamzika. Siku ile nilikuwa na mvi kichwa kizima, nimesukwa na mikono yake. Nikakaa chini uani, nikafumua mwenyewe. Wanangu waliniuliza kama nitaacha mmoja, maana kisa wanakijua.

Sikuacha hata mmoja. Yeye alikuwa ameshaniona.