CD ya Mama na Kifurushi cha Kutoka Mutomo

Kathonzweni,
Jumanne mchana.

Kwa ndugu yangu Kimeu,

Salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Natumaini huko Mutomo mko wazima, wewe, mama watoto na watoto wote, na kwamba mbuzi wamepata majani baada ya ile mvua. Sisi tu wazima. Baba mgongo unamsumbua asubuhi, lakini bado anakagua ndengu zake kila siku na kunilaumu kwa kila jani lenye tundu. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu zangu huzipokei, na sikulaumu.

Kifurushi chako kilifika Ijumaa. Nilikifungua polepole kama mtu anayefungua mzinga wa nyuki. Ndani nikakuta kicheza CD kipya, na karatasi yenye maneno matatu: jaribu ile CD. Hakuna salamu, hakuna jina. Kimeu, miaka kumi na saba hujanitumia hata pipi! Siku hizi hata wazee wa kanisa wanasikiliza nyimbo kwa simu, na CD tumezitundika kwenye mtama kufukuza ndege. Nani humtumia mtu zawadi kama hiyo bila nia? Nikajiuliza unajua nini, na nani amekuambia.

Siku mbili nilikitazama tu pale mezani. Unakumbuka diskman, kile kicheza CD cha mkononi, uliyomletea baba ulipoanza kazi? Ilikula betri mbili kila jioni, na ukitembea nayo wimbo uliruka, kwa hiyo baba aliibeba kwa mikono miwili kama trei ya mayai. Baadaye zikaja za kuvumilia mtikisiko, tukaziona Malili tukashangaa. Hiki chako hakitaki betri, kinachajiwa kwa waya wa simu, na kinaunganika na spika bila waya wowote. Nilishuku hata hilo. Nilikiona kama mtego.

Wacha nieleze mambo yalivyokuwa, maana nimeyaeleza vibaya kwa miaka mingi. Mama alituachia kaseti moja tu ya sauti yake, akiongoza kwaya. Ilipoanza kukoroma, uliipeleka saiba, lile duka la kompyuta kule Wote, ihamishiwe kwenye CD. Ukarudi na CD, na kaseti ikiwa imetafunwa na mashine. Baba akaitia CD kwenye diskman. Ikazunguka, ikazunguka, kisha ikaandika kwamba hakuna kitu. Ni mimi niliyesema mbele ya baba na wazee wa kanisa kwamba hukufika saiba yoyote, kwamba uliiharibu kaseti kwa uzembe ukatuletea CD tupu kutuziba midomo. Uliapa. Baba akasema umemzika mama mara ya pili, nawe ukaondoka na begi moja. Aliagiza CD itundikwe shambani, lakini mimi niliificha sandukuni, nikisema ni ushahidi.

Jumapili, baada ya ibada, niliitia kwenye kicheza chako. Nilihofia utampigia baba simu mwenyewe, nikaona afadhali nikutangulie. Mama akaimba. Baba alikuwa mlangoni akivua viatu, akaingia na kimoja mguuni. Akauliza sauti hiyo ilikuwa wapi miaka yote. Nilimweleza kwamba watu wa saiba waliziandika nyimbo kwa MP3, na diskman za zamani hazikuweza kusoma hiyo, zilizotoka baadaye ndizo zilizoweza. Akatikisa kichwa, akataja jina lako mara mbili. Kisha akanitazama, akaniuliza nimejulia wapi mambo ya mashine, mimi ambaye hata saa ya simu yangu huwa narekebishiwa na watu.

Hapo nilishikwa, ndugu yangu, na sasa nakuambia nilichomwambia yeye. Nilijua. Miaka minne baada ya wewe kuondoka, nilikuwa nikisuka nywele kwenye saluni ya Katunge pale Malili. Alinunua kicheza CD cha kisasa, nami nikabeba ile CD nimwonyeshe uongo wa kaka yangu. Mama akaimba katikati ya wateja. Niliichomoa haraka, nikamwambia Katunge ni kwaya ya watu wengine. Yeye ndiye aliyenieleza habari ya MP3. Jumamosi nilikwenda kumuuliza kama amekuambia, akasema hata haikumbuki hiyo CD. Labda hukuambiwa na mtu. Labda ulijua tu kwamba kazi uliyotumwa uliifanya.

Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nimekuwa mtoto mwema wa nyumba hii, na niliogopa kuwa mimi ndiye nitakayetoka na begi. Nilikukosea, Kimeu. Naona aibu kubwa. Nisamehe ukiweza.

Tangu Jumapili baba hasemi nami. Chai anaipokea bila neno, na kicheza amekihamishia chumbani kwake. CD ina nyimbo tisa, amesikia mmoja. Jana, mimi nikiwa nimesimama hapo hapo, alimwambia jirani yetu Ndululu aniambie nikuandikie kwamba wimbo wa pili hautapigwa mpaka wewe uwe umeketi kwenye kiti chako.

Kiti nimekipangusa. Njoo, hata kama hutanisalimia. Mpe mama watoto salamu zangu, na watoto uwaambie wana shangazi. Baba akienda shambani, naingia chumbani nakichaji kicheza, ili siku ukifika kisituzimikie.

Ni mimi dada yako,
Wavinya