Wananipa Pole kwa Vigari Vyangu

Mpendwa Shangazi Annah,

Nakuandikia kwa furaha na kwa hofu, vyote pamoja, na nakuomba unijibu upesi kwa sababu Jumapili hii vigari vyangu sitini na viwili vitatolewa nyumbani kwangu, na mimi mwenyewe ndiye niliyeitikia amina.

Ninaitwa Joselyne, nina miaka arobaini na tisa, nilikulia Bujumbura, sasa nashona mapazia katika soko la Kimironko na ninaishi Busanza na mume wangu Cassien. Mungu hakutujalia mtoto. Tulilia, tukanyamaza, na nikisema tulinyamaza naomba uniamini, kwa sababu shida yangu inaanzia hapo.

Mimi ninapenda vigari vya kuchezea vya zamani, vile vidogo vya chuma vya miaka ya hamsini na sitini, na sivipendi kwa ajili ya mtoto yeyote, ninavipenda kama mwingine anavyopenda mpira au kwaya, maana baba yangu alikuwa fundi wa magari na alinifundisha kwamba gari halijulikani kwa uso bali kwa tumbo, kwa hiyo nikishika kigari kwanza nakigeuza, nasoma maandishi ya chini, naangalia ribiti, yaani vile vijichwa vinavyoshika tumbo na bodi, naangalia kama magurudumu ni ya chuma au ya plastiki, kama madirisha yana vioo au ni matundu matupu, na nikimaliza hapo nimeshajua umri wake na uongo wake.

Cha kwanza nilikinunua miaka tisa iliyopita kwa muuza vitu vilivyotumika, lori dogo la kijani, nikaliweka kwenye kabati la vikombe, na Cassien aliporudi kazini akaliona, akalishika, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Jose, iko ya mtoto?" na mimi, Shangazi, niliona aibu kusema kwamba mwanamke mzima nimejinunulia kitu cha kuchezea, nikainamisha kichwa, naye akanikumbatia akalia, na tangu siku ile hakuniuliza tena, ila kila akienda safari ananiletea kimoja kimefungwa kwenye karatasi, ananikabidhi bila neno, na cha ajabu hajawahi kuniletea ambacho tayari ninacho.

Habari ikawafikia majirani. Wakija wanaliangalia kabati, wananishika mkono, "Ihangane, Joselyne," yaani pole, vumilia, na mimi nasema asante huku nawaza kama yule muuzaji wa jana atanitunzia ile pikapu ya njano. Miaka tisa hivyo hivyo! Mwezi uliopita Mama Gaju, kiongozi wa kikundi chetu cha sala, akasema imetosha, sasa nifunguliwe kutoka katika huzuni, vigari vyote vipelekwe kwa watoto wadogo wa kituo kimoja cha kulelea watoto, Jumapili baada ya misa, wanawake wote wakapiga makofi, Cassien akafuta macho, nami nikasema amina, ningesema nini tena, na Mama Gaju ameshanunua hata vikapu vya kuvibebea.

Sasa sikiliza kilichotokea Jumatano ya wiki iliyopita. Nilipeleka mapazia Kiyovu, mtaa wa wenye nacho, kwa mzee Karangwa, mstaafu aliyekulia Tanzania, nikakuta sebuleni wageni wanne wamelizunguka kabati la vioo lililojaa vigari, na miguu yangu ikakataa kutoka. Mzee alikuwa ameshika gari jekundu la zimamoto, linang'aa, anawaambia hili ndilo kongwe kuliko yote na halijaguswa tangu litoke kiwandani. Nikajisikia nasema, "Mzee, naomba niligeuze." Mgeni mmoja akacheka, "Na huyu mama wa mapazia iko na maoni?" lakini mzee akanipa. Nikaligeuza. Ribiti zilikuwa zimetobolewa kwa drili zikazibwa kwa gundi, na ndani ya tundu la gurudumu, pale brashi isipofika, palichungulia rangi ya bluu. Nikamwambia, "Hili limefunguliwa, mzee, na limepakwa rangi upya. Lilizaliwa la bluu."

Kisha mzee akaniuliza, si kwa upole, "Na kongwe ni lipi basi?" Nikapita rafu zote kwa macho, sikuliona, nikainama chini ya kabati kwenye katoni ya vilivyokwaruzika, nikatoa basi dogo la kijivu, rangi imebanduka nusu, madirisha matundu matupu, magurudumu ya chuma, ribiti zake nzima. Nikasema, "Huyu ndiye mkubwa wa nyumba hii." Mzee akaleta lenzi na kitabu kinene cha picha, akakaa nusu saa nzima akilinganisha, halafu akainuka, akavuta kiti chake mwenyewe, akasema, "Keti hapa, mama. Nyie wengine simameni mjifunze."

Shangazi, nilikaa! Nilikaa nikajiona mrefu kuliko ghorofa zote za mjini, na yule aliyecheka akatoa kigari mfukoni, akaniomba kwa adabu kabisa, "Madamu, na hii iko nzima?" Hakikuwa kizima, na nilimwambia.

Sasa mzee anafanya maonyesho nyumbani kwake Jumamosi hii, alasiri, baada ya umuganda, ile kazi ya jamii ya asubuhi, anataka mimi ndiye niwatambulie watu vigari vyao, na vyangu vyote vikae meza ya katikati, na jina langu ameshaliandika kwenye mwaliko. Nikienda, Cassien atajua kwamba machozi yake niliyaacha yaanguke kwa jambo lisilokuwapo, na ataniona nilicheza na huzuni yetu. Nisipoenda, Jumapili Mama Gaju anakuja na vikapu, na kitu pekee ninachokijua kuliko watu wengine kinaondoka kikiimbiwa nyimbo. Mume wangu nampenda, na vigari vyangu navipenda. Nifanyeje?

Joselyne, Busanza


Joselyne,

Kwanza hongera. Ile habari ya kiti nimeisoma mara tatu, mara ya tatu kwa sauti, na wenzangu hapa ofisini wamekupigia makofi. Haya, makofi yameisha. Sasa nisikilize.

Wewe unayejua uongo wa gari kwa kuligeuza, miaka tisa umeshindwa kujigeuza mwenyewe? Najua utaniambia hukusema neno, uliinamisha kichwa tu. Kichwa kilisema, mama. Kilisema kila siku, na watu wema wakakijibu. Pole ni chakula cha mfiwa, nawe umekula mezani pasipo na msiba mpaka wapishi wakaamua wenyewe kukuondolea sahani. Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yako imekuwa ndefu kwa sababu tu majirani zako wana moyo.

Nimekukaripia, sasa nikutetee. Mzee mwenye nyumba Kiyovu akijaza kabati la vigari anaitwa mtaalamu. Mwanamke asiye na mtoto akiweka kimoja kwenye kabati la vikombe anaitwa mgonjwa. Jibu lilikuwa limeshaandaliwa kabla Cassien hajauliza, wewe ukalivaa tu kwa aibu, na aibu ile haikuwa yako. Hapo nakuhurumia kweli, na nina hasira kwa niaba yako.

Lakini huruma haitazuia vikapu. Leo hii, kabla ya chakula cha jioni, mwambie mumeo. Usimwambie ukiwa umempa mgongo unakoroga sufuria. Keti mbele yake, umwambie kwamba kwa ajili ya mtoto ulilia kweli, na kwamba vigari havikuwa sehemu ya kilio kile, ni kitu unachokipenda na uliona haya kukisema. Halafu nyamaza. Akikasirika, mwache akasirike, ana haki hiyo, na usimkimbilie na visingizio. Wala usimwambie alikuwa mjinga. Hakuwa mjinga, alikuwa anakupenda.

Na hasira ikipoa, muulize swali moja ambalo wewe, kwa ujuzi wako wote, hukuliona: alijuaje kila mara ni kigari gani huna? Mtu anayeleta tu kitu cha kufutia machozi huokota chochote. Mumeo amekuwa akisimama mbele ya kabati lile, anavihesabu, anakariri rangi na magurudumu, kisha anakwenda kutafuta pengo lilipo. Mimi nasema una mwenzako ndani ya nyumba na hamjawahi kuzungumza. Huenda nimekosea. Lakini uliza.

Kesho nendeni wote wawili kwa Mama Gaju. Omba msamaha mara moja, kwa ufasaha, ukiwa umesimama. Asipoupokea papo hapo, msalimie vizuri urudi nyumbani, ataupokea baadaye. Mweleze pia jambo ambalo mtu wa vigari vya zamani anapaswa kulijua na nashangaa hukulisema siku ya amina: rangi nyingi za zamani zilichanganywa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, na mtoto mdogo hutia kila kitu mdomoni. Vigari hivyo havifai kwa watoto wale, hata vikibebwa na wimbo na vikapu vipya.

Vikapu lakini visiende vitupu. Uliitika amina mbele ya watu, na ahadi ni deni. Una cherehani, una vipande vya mapazia vinavyojaa chini ya meza yako pale Kimironko. Shona mipira ya kitambaa na wanasesere, jumla vitu sitini na viwili, hata kimoja kisipungue, na Cassien ajaze pamba. Jumapili uvipeleke wewe mwenyewe, utangulie mbele ya Mama Gaju, uwaone watoto wakivirusha. Ukichoka kushona usiku wa tatu, kumbuka kwamba kila mpira unakiokoa kigari kimoja.

Na Jumamosi nenda Kiyovu. Hilo si la kujadili. Waalike kikundi chote cha sala, tena kwa mdomo, mlango kwa mlango. Vaa vazi lako la umushanana, lile la harusi za watu. Vipange vigari mezani kwa mkono wako, vizee mbele, na usimruhusu hata mzee Karangwa avisogeze. Ukiletewa cha uongo, sema ni cha uongo, hata kama mwenyewe amevaa suti. Na kabla ya jua kuzama mtu atauliza, lazima atauliza, hivi vyote ni vya nani, na chumba kitakugeukia, majirani zako na mumeo miongoni mwao. Usiwape hadithi ya msiba, wala ya mtoto. Mwangalie Cassien, cheka ukitaka, kisha wajibu: "Ni vyangu."

Shangazi Annah